Jicho halisubiri kifungo kiishe: maswali yenu kuhusu macho ya ndugu walio gerezani

Toleo lililopita nilijibu swali moja dogo la msomaji aliyeuliza kama mfungwa anaruhusiwa kupimwa macho, nikasema ndio, na ni haki yake, nikaendelea na mengine. Kumbe nilikuwa nimegusa watu wengi. Meseji zimekuja za wake, mama, ndugu, waliotoka na hata askari mmoja, nikaona toleo hili lote tuongee hilo tu. Kazi ya macho nimeifanya miaka mingi na gerezani nimeingia mara kadhaa na timu ya kliniki ya kutembea, kwa hiyo baadhi ya haya nimeyaona mwenyewe. Majina ya watu na ya magereza nimeyaondoa yote, maana wengine bado wako ndani.

*Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 54, alifungwa miaka 8 na sasa ametumikia 2. Tangu mwaka jana jicho la kulia linaona ukungu, anasema ni kama anatazama kupitia mfuko wa nailoni. Zahanati ya gereza walimmulika na tochi wakasema ni mtoto wa jicho, ila la kushoto bado linaona, kwa humo ndani jicho moja linatosha, atatibiwa akitoka. Je kweli inaweza kusubiri? Na nikitaka kufuatilia nianzie wapi bila kumharibia? Mke, Mbagala*

Marahaba dada yangu. Hili swali lako ndo limenifanya niandike ukurasa mzima, hiyo sentensi ya jicho moja linatosha nimeisikia zaidi ya mara moja na kila nikiisikia naumia.

Tuanze na ugonjwa. Mtoto wa jicho ni ile lenzi ya ndani ya jicho inapoingia ukungu, nyuma yake jicho linaweza kuwa zima kabisa, ukitoa lenzi iliyochafuka ukaweka ya bandia mtu anaona tena. Operesheni yenyewe mara nyingi haizidi nusu saa na ni ganzi tu, halali usingizi. Kwa maana hiyo mtoto wa jicho anaweza kusubiri kidogo bila mtu kupoteza jicho moja kwa moja. Lakini miaka 6 siyo kidogo, akikomaa kupita kiasi lenzi inaweza kuvimba au kuvuja ndani, presha ya jicho ikapanda, jicho likawa jekundu na kuuma sana, hapo sasa ni dharura na matokeo ya upasuaji huwa mabaya kuliko angefanyiwa mapema.

Ila kinachonitisha zaidi kwenye meseji yako ni hiyo tochi. Tochi inaweza kuonyesha weupe kwenye mboni lakini haiwezi kuonyesha glakoma, wengi tunaiita presha ya macho, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Glakoma inaua mshipa wa fahamu unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo, inakula pembeni kwanza taratibu bila maumivu, na ilichokula hakirudi, hata uende hospitali gani. Sisi watu weusi tunaipata zaidi na mapema zaidi, na kama baba yake au kaka yake alipofuka bila sababu inayoeleweka basi yeye yuko kwenye hatari kubwa. Kwa hiyo usianze kwa kudai operesheni. Dai kwanza apimwe vizuri na mtu wa macho, apimwe presha ya jicho, aangaliwe nyuma ya jicho, macho yote mawili, hata hilo la kushoto wanalosema linaona. Majibu yakija ndo mtajua kama ana muda wa kusubiri au hana.

Sasa hiyo ya jicho moja. Marekani kuna jimbo linaitwa Nevada, magereza yake yalikuwa na utaratibu huohuo, mfungwa mwenye mtoto wa jicho kwenye jicho moja hafanyiwi upasuaji kama jicho la pili bado linaona. Mfungwa mmoja akaenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya huko ikasema kumnyima mtu matibabu aliyoandikiwa na madaktari kwa sababu tu ana jicho lingine zima, hiyo ni kupuuza shida yake ya kiafya, na katiba yao hairuhusu. Siyo sheria yetu, najua, lakini nakuambia ujue kwamba jibu ulilopewa wenzetu wameshalipeleka kwa majaji na majaji wakalikataa. Na hebu fikiria maisha ya ndani yalivyo. Mtu wa jicho moja kupima umbali kunamsumbua, akimimina maji ya moto yanamwagika nje, akishuka ngazi anakosea, akipelekwa shamba ana jembe na wenzake wana mapanga upande ambao yeye haoni. Halafu kwenye selo iliyojaa ukisukumwa kutoka upande wa kipofu hujui hata nani kakusukuma.

Upande wa haki, kuna kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilipitishwa upya Desemba 2015 na zikapewa jina la Mandela. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate huduma ya afya ya kiwango kilekile wanachopata watu wa uraiani, bila malipo. Ya 27 inasema akihitaji matibabu maalumu apelekwe hospitali inayoyatoa, na uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya, askari asiyekuwa mtaalamu hawezi kuutengua. Na jina hilo lina uzito wake kwenye habari za macho. Mandela mwenyewe na wenzake walichimba mawe ya chokaa kule Robben Island kuanzia 1965, jua linapiga kwenye yale mawe meupe linarudi machoni, vumbi nalo linaingia, wakaomba miwani ya jua, ikachukua karibu miaka 3 kuruhusiwa na bado walijinunulia wenyewe. Mnakumbuka alivyokuwa rais wapiga picha walikatazwa kumpiga na flashi? Ni hayo macho. Mwaka 1994 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Basi fanya hivi. Andika barua fupi kwa mkuu wa gereza, ya kuomba siyo ya kushtaki, taja jina lake na namba yake, tatizo lilianza lini, nani mwingine kwenye ukoo ana shida ya macho, kisukari au presha ya damu, halafu omba apewe rufaa kwenda kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa. Kabla hujaandika nenda hospitali yenyewe uulize kliniki ya macho ni siku gani, uitaje kwenye barua. Nakuambia hivyo kwa sababu mara nyingi kinachokwamisha siyo roho mbaya, ni gari, mafuta na askari wa kumsindikiza, na kama gereza lina siku ambayo gari linakwenda hospitali hata hivyo, ukioanisha siku umewarahisishia nusu ya kazi. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ukikaa wiki 3 au 4 kimya, barua ya pili nenda kwa mkuu wa magereza wa mkoa ukiambatanisha ile ya kwanza. Ukikwama na hapo, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya namna hii na wana kawaida ya kutembelea magereza. Kuhusu kumharibia, naelewa hofu yako, ndo maana nasema barua iwe ya heshima na iwe na maelezo ya ugonjwa tu. Ofisa akishika barua yenye tarehe na dalili anapata kitu cha kufanyia kazi. Akishika barua ya hasira ataanza kujitetea.

*Daktari, mwanangu ana miaka 23 yuko mahabusu. Amevaa miwani tangu darasa la tano, ya kuonea mbali, bila hiyo hamjui mtu hatua tano. Siku anakamatwa ilivunjika. Nimemtengenezea nyingine nimepeleka getini wameikataa wanasema ina chuma. Kadi ya vipimo nilishaipoteza hiyo niliyopeleka nimekadiria tu na ya zamani. Mama wa Nyegezi*

Mama, pole sana. Nikueleze kitu nilichokiona kwanza halafu nikupe njia.

Gereza moja tuliloingia askari walituletea kijana wakatuonya mapema kwamba huyo ni jeuri, hasalimii wakubwa, akiitwa kwa ishara haji, kwenye kuhesabiwa anasimama mstari siyo wake, ameshaadhibiwa mara kadhaa na habadiliki. Nikamkalisha mbele ya chati. Ile herufi kubwa ya juu kabisa hakuiona. Nikamsogeza hadi mita moja ndo akaitaja. Alikuwa hawaoni hao wakubwa, wala hiyo ishara ya mkono, na kwa aibu au woga hakuwahi kumwambia mtu, na hakuna aliyemuuliza. Tulipomvalisha lenzi za majaribio akamgeukia yule askari aliyemleta akamwangalia muda mrefu kidogo, akasema, kumbe wewe ndo afande fulani, sauti yako naijua. Yule askari akatoka nje. Aliporudi akaniuliza kama miwani ya huyo kijana itachukua siku ngapi, na kwamba akikosa wa kuilipia atachanga yeye.

Kwa hiyo mama, usichukulie kwamba miwani ya mwanao ni kitu cha starehe na usiombe kama unaomba starehe. Kesi yake inaendelea, anatakiwa aone shahidi anayemnyooshea kidole, asome hati ya mashtaka. Siku akifikishwa mahakamani mwambie yeye mwenyewe au wakili wake amwambie hakimu wazi kwamba haoni bila miwani na iliyokuwepo imevunjika, hakimu ana uwezo wa kuelekeza gereza. Hiyo ndo njia ya haraka kwa mahabusu na watu wengi hawaitumii.

Miwani yenyewe: fremu ya plastiki nzima, usikubali ile ambayo mkono una plastiki juu na waya ndani, maana waya huo ndo wanauogopa. Lenzi za plastiki, siyo za kioo. Isiwe ya rangi nyeusi. Pochi laini, siyo kasha gumu. Kabla ya kutengeneza uliza getini au kwa ofisa ustawi wao wanaruhusu ipi, maana kila gereza lina mkazo wake, na ukiipeleka ambatanisha karatasi ya vipimo na uombe iandikwe kwenye daftari la mali zake ili akihamishwa ihame naye. Kuhusu namba, usikadirie mama yangu, kwa mtu mwenye namba kubwa makosa kidogo yanampa kizunguzungu na kichwa. Ile iliyovunjika iko wapi? Hata kipande cha lenzi kikiwa na ukubwa wa kutosha fundi wa miwani anakiweka kwenye mashine anasoma namba yake. Kama vipande viliandikwa pamoja na vitu vyake siku ya kukamatwa, omba uvipate.

Na kwa wote ambao ndugu zao wamepita miaka 40 na wanalalamika kwamba Biblia au Kurani haisomeki, barua za nyumbani hazisomeki, hiyo mara nyingi ni macho ya umri tu, inahitaji miwani ya kusomea ya bei ndogo kati ya namba 1 na 3.5. Ni msaada rahisi kuliko yote kwenye ukurasa huu na ndo unaosahaulika zaidi.

*Mimi ni askari magereza, naomba nisitajwe kituo. Kuna mfungwa yuko kwenye dozi ya TB mwezi wa pili, ameanza kusema rangi nyekundu anaiona kama kahawia na kusoma hawezi. Wenzake wanasema anatafuta kupumzishwa kazi. Je kuna uhusiano?*

Afande, asante sana kwa kuuliza, na tafadhali usisubiri gazeti litoke, nimeshakujibu kwa simu lakini naweka hapa wengine wasome. Uhusiano upo. Miezi 2 ya mwanzo dawa ya TB ni mchanganyiko wa dawa 4, mojawapo inaitwa ethambutoli, na hiyo kwa watu wachache inaumiza mshipa wa fahamu wa jicho. Dalili zake ni hizohizo, rangi nyekundu na kijani zinafifia, katikati ya macho panakuwa na ukungu, macho yote mawili, bila maumivu wala wekundu. Mtu wa kawaida hawezi kubuni dalili ya namna hiyo. Aonwe na anayesimamia dawa zake za TB siku hiyohiyo, yeye ndo ataamua kuisimamisha hiyo moja na kuendelea na nyingine, mgonjwa asiache dozi yote kwa uamuzi wake maana TB itarudi na kusambaa kwa wenzake. Ikigundulika mapema wengi macho yanarudi taratibu, ikichelewa yanaweza yasirudi. Mwenye tatizo la figo yuko kwenye hatari zaidi. Magerezani TB ni nyingi kuliko uraiani kwa sababu ya kubanana, kwa hiyo kila anayeanza dozi angepaswa kusomeshwa chati na kuulizwa rangi siku ya kwanza, iandikwe kwenye kadi yake, ili akilalamika baadaye kuwe na cha kulinganisha.

*Nimetoka mwaka huu baada ya miaka 5. Ndani tulikuwa kama watu wanne selo yetu jua likizama hatuoni kitu, tunashikana mashati kwenda chooni, wengine wakasema tumerogwa. Nje nimekula vizuri nimepona. Ilikuwa nini?*

Ndugu yangu, karibu nyumbani. Kwa unavyoeleza ilikuwa upungufu wa vitamini A. Ugali na maharage ya kila siku yanashibisha lakini vitamini A humo hakuna ya maana, na jicho linaihitaji ili lione kwenye mwanga hafifu. Ikizidi weupe wa jicho unakauka, kioo cha mbele kinachubuka na mtu anaweza kupofuka moja kwa moja, kwa hiyo mlikuwa karibu na hatari kuliko mlivyojua. Wakiwa watu wanne selo moja hilo siyo tatizo la mtu, ni chakula cha gereza zima, na mganga wa gereza akiambiwa anatakiwa atoe vidonge vya vitamini A vya dozi ya matibabu na aongee na jikoni. Magereza mengi yana mashamba, mchicha, matembele, majani ya maboga, viazi lishe vya rangi ya chungwa vinaota bila shida, wapike na mafuta kidogo maana bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Ndugu za wale waliobaki ndani uwaambie, wakienda siku ya kutembelea wawahimize waseme kliniki. Nimesikitika mno kwa hilo la kushikana mashati.

*Salamu daktari, mimi naandika kutoka Likoni. Kakangu yuko rumande, selo nzima wameshikwa na macho mekundu, yanatoa machozi na matongo. Nimemnunulia dawa ya matone kwa duka la dawa ile iliyonisaidia mimi mwaka jana, nimpelekee?*

Usimpelekee kwanza dada. Nilikuambia unitumie picha ya boksi, ukatuma, na dawa ilikuwa ina deksamethasoni, yaani steroidi. Dawa hiyo inaondoa wekundu haraka hadi mtu anaisifu, lakini kama ndani ya jicho kuna kidonda cha virusi au cha fangasi inakilisha, na ukiitumia muda mrefu inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Gerezani ni hatari zaidi maana chupa moja itazunguka selo nzima, kila mmoja anagusisha ncha kwenye jicho lake.

Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalivyosambaa Dar na huko kwenu Pwani, wengi ni virusi na yanapona yenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili, hayahitaji dawa kali. Kinachohitajika ni maji na sabuni, kila mtu taulo yake au shuka lake la kujifutia, kuosha uso bila kuchangia ndoo. Kwa hiyo ukitaka kupeleka kitu peleka sabuni nyingi, wagawane. Lakini kama yeyote anasema maumivu makali, mwanga unamchoma, kuona kumepungua au kuna doa jeupe mbele ya jicho, huyo apelekwe hospitali leo. Na Kenya mna sheria ya mwaka 2014 ya watu walionyimwa uhuru, pamoja na katiba ya 2010, zote zinalinda haki ya afya ya mtu aliye kizuizini, hata wa rumande, kwa hiyo mkiambiwa rumande hawatibiwi hadi kesi iishe msikubali.

*Nilikuwa gerezani na mtoto wangu mchanga. Rafiki niliyemwacha humo ana mtoto wa mwaka mmoja, jicho moja kwenye mboni linang'aa jeupe kama la paka usiku. Wanasema litaisha akikua.*

Haliishi. Mboni nyeupe kwa mtoto inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa na inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, na hiyo ya pili ikiachwa inatoka kwenye jicho inakwenda kwenye ubongo, mtoto anafariki. Ikiwahiwa anapona. Mtoto hajahukumiwa chochote. Nimeshaongea na wewe kwenye simu na ofisa ustawi ameshapigiwa, kwa wengine mnaosoma: mtoto wa namna hiyo ni rufaa ya wiki hii hii hospitali kubwa yenye bingwa wa macho, kama Muhimbili, CCBRT au KCMC, na kama mama haruhusiwi kutoka basi ndugu ampeleke mtoto, lakini mtoto atoke.

*Sisi ni kikundi cha vijana wa kanisani na msikitini pamoja, tuna rafiki wawili wataalamu wa miwani, tunataka kwenda kupima macho gereza la mkoa wetu. Tuanzeje?*

Mmenifurahisha sana wanangu. Mwende, lakini mwende vizuri, maana kliniki mbaya gerezani inaacha madhara na nyie mnakuwa mmeshapanda basi.

Kibali kinaombwa kwa maandishi kupitia mkuu wa magereza wa mkoa, na msiende bila mratibu wa huduma za macho wa mkoa, kila mkoa anakuwepo, yeye ndo atakayepokea rufaa zenu mkishaondoka. Andikeni orodha ya kila kifaa mnachoingia nacho hadi bisibisi ndogo ya miwani, itahesabiwa mkiingia na mkitoka, ikipungua bisibisi moja hamtoki na wafungwa watapekuliwa usiku kucha kwa ajili yenu. Simu mnaacha getini kwa hiyo chati ya kwenye simu haitafanya kazi, chukueni ya karatasi. Ombeni chumba kinachoweza kuwekwa giza. Picha za wafungwa hapana, hata za mgongoni.

Ombeni kuona watu wote. Nasema hivi kwa sababu ukifika unaletewa wale wanaotembea vizuri na wenye nidhamu, wakati mwenye shida kubwa ndo yule asiyeweza kuja peke yake. Ulizeni mahabusu wako wapi, wanawake, wazee, walio kwenye selo za peke yao. Waulizeni wafungwa wenyewe, hasa wanyapara, nani humu anashikwa mkono kwenda kula, watawatajia ndani ya dakika moja. Askari asimame mahali anapowaona lakini asisikie mnachoongea na mgonjwa, kwenye kanuni za Mandela uchunguzi wa afya ni siri, na kuna mtu hatakwambia alipigwa ngumi ya jicho kama aliyempiga anamsikia. Na mpimeni askari pia, na wake zao wa kwenye kota. Sisi siku moja karibu nusu ya foleni ilikuwa ni wao, miaka hawajapimwa, na tangu siku hiyo lile gereza wanatupigia wenyewe mgonjwa akitokea.

Wenye kisukari waandikeni pembeni, hao wanahitaji kuangaliwa nyuma ya jicho kila mwaka hata kama wanaona vizuri. Mwenye kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kinakua, hasa kama anaishi na VVU, apate rufaa haraka kwa sababu inaweza kuwa saratani. Wanaofanya kazi ya kuchomelea au kusaga chuma kwenye karakana waulizeni wana miwani ya kujikinga au wanafumba jicho moja tu.

Upasuaji msifanye wala msiahidi kama hakuna mtaalamu atakayemwona mgonjwa kesho yake. Nitawaambia kwa nini. Mzee mmoja alifanyiwa mtoto wa jicho vizuri kabisa, akarudishwa na matone ya wiki 4, chupa ikahifadhiwa ofisini kama utaratibu unavyotaka, ikafika Ijumaa jioni mwenye funguo akaenda likizo ya mwisho wa wiki. Jumatatu jicho lilikuwa limejaa usaha. Hakuna aliyemchukia yule mzee, hakukuwa tu na mtu aliyeandikwa kwamba kazi yake Jumamosi na Jumapili ni kumtia dawa. Sasa kila anayefanyiwa tunaandika karatasi mbili, moja ya zahanati na moja ya nyapara wa selo, dawa gani, saa ngapi, nani anatia, asipelekwe shamba wala kubeba ndoo, maji machafu yasiingie, na akihamishwa gereza chupa na karatasi vinapanda naye gari. Wenye glakoma hivyohivyo, maana hao ni matone ya kila siku maisha yao yote na kuhamishwa ndo kunakokata dawa.

Miwani ya kutengenezwa ikichukua wiki mbili, ukirudi unakuta watano wameachiwa, wawili wamehamishwa. Kwa hiyo kila jina liende na namba yake, tarehe anayotarajia kutoka na simu ya ndugu mmoja wa nje. Na mkibakiwa na miwani ya kusomea msirudi nayo mjini, iacheni zahanati pamoja na daftari la kuandika nani kachukua namba ngapi, mratibu akipita mwezi unaofuata ataona ni namba zipi zimeisha.